Karatasi Yenye Matundu Manne

Lushoto, Jumanne

Dada yangu Hawa,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Usimsomee mama barua hii, hata akikuuliza mbona umenyamaza ghafla. Shemeji naye asiijue. Si kwamba simwamini, ila ana marafiki wengi. Ukimaliza kusoma, ichome. Lakini ile karatasi nyingine iliyomo ndani ya bahasha usiichome. Ifiche.

Shikamoo dada. Nimeanza na hofu nikasahau adabu, unisamehe. Mgongo wa mama unaendeleaje? Mikorosho ya nyuma ya nyumba imeshachanua? Mimi sina homa wala kikohozi, ila usingizi umenikimbia na chakula hakipiti.

Najua mama anawaambia majirani wa Newala kwamba nafanya kazi hospitali. Sivyo. Ofisi yetu ni ndogo, tuko wanane. Watafiti wakitaka kuchunguza ugonjwa fulani, sisi tunawasaidia kupata washauri: wagonjwa wenyewe na watu wa vijijini, wakae meza moja na madaktari, waseme utafiti ufanywe vipi usije ukawaumiza watu. Mimi ni karani. Naita watu, naandika muhtasari, natunza majina. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Safari hii ugonjwa ulikuwa kifafa. Tulipata washauri sita kwenye kijiji kimoja cha juu kabisa, sitakitaja. Mwenyekiti wao ni Mzee Shemdoe, ambaye mwanawe alikufa kwa ugonjwa huo. Siku ya kwanza alinikuta natetemeka, nikamwamkia, akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Marahaba, mtoto wa korosho! Sweta mbili na bado meno yanagongana? Njoo ukae karibu na jiko, usije ukatufia tukashindwa kumwambia mama yako."

Mwingine ni Amina, msichana wa rika langu, aliyekuwa mpishi wa uji wa watoto pale shule ya msingi. Kwa miaka yote alikuwa akimeza dawa kimya kimya, na kijijini hakuna aliyejua. Wewe unajua hata kwetu ilivyo, mwenye kifafa hapewi kijiko cha mwenzake. Daktari alipouliza washauri wana sharti gani, Amina ndiye aliyesimama.

"Mimi nitasema yote mnayotaka kujua," alisema. "Lakini gari lenu lile lenye maandishi lisifike mlangoni kwangu, na jina langu lisitoke humu ndani. Likitoka, kesho yake hakuna mtoto atakayekunywa uji wangu."

Niliandika maneno hayo kwenye muhtasari kwa mkono wangu. Kisha nikapitisha karatasi ya mahudhurio. Juu yake nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: WASHAURI WANAOISHI NA KIFAFA. Amina alisita na kalamu. Nikamwambia, "Usiogope dada, haitoki mkononi mwangu." Akasaini.

Sasa nikueleze nilivyokosea. Ofisi yetu haipokei karatasi ya mahudhurio isiyo na muhuri wa kijiji. Bila muhuri, kikao hakikufanyika. Nikaipeleka ofisi ya mtendaji. Mtendaji alikuwa amekwenda mazikoni. Ukungu ulikuwa unashuka, dereva anapiga honi, anasema tukichelewa hatutaiona barabara. Ofisini alikuwepo mzee mmoja mfagizi. Nikaiweka mezani, nikamwambia, "Mtendaji akirudi aigonge muhuri, nitaipitia Jumatatu."

Mzee yule hakuwa na nia mbaya, dada. Pale kijijini, orodha yoyote ya majina inayoletwa ofisini hubandikwa ubaoni, watu wajue nani kaitwa na nani kachaguliwa. Akaitafutia pini nne akaibandika. Kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Watu wa vijiji vitatu walipita pale na mizigo yao ya kabichi na pea, na wanaojua kusoma wakawasomea wasiojua.

Jumatatu niliikuta bado inaning'inia. Niliing'oa, nikaikunja, nikaingia kwenye gari. Sikumwambia mtu.

Wiki hiyohiyo kina mama walikwenda shuleni wakamnyang'anya Amina mwiko. Akaacha kwenda kliniki, maana foleni ya kliniki nayo ina macho. Dawa zikamwishia. Siku kumi baadaye alianguka akiwa peke yake jikoni kwao, mikono yote miwili ikaingia motoni. Jirani alisikia harufu kwanza.

Watafiti wakaandika kuuliza majina yalitokaje. Meneja wetu, Bwana Elisante, akaniita.

"Nani alikuwa na karatasi?"

"Mimi, bosi."

"Hapana, Somoe. Sikiliza swali vizuri. Nani kati ya washauri alikuwa nayo?"

 Akanisogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa. Inasema mimi nilimkabidhi mwenyekiti orodha, naye akaipeleka kijijini. Panapobaki pengo ni pa saini yangu. "Mzee hana cha kupoteza," alisema kwa upole, kama ananibembeleza. "Sisi tukionekana tumevujisha majina ya wagonjwa, nani atatupa kazi tena? Fikiria wenzako saba. Mpaka Ijumaa." Jana nilikuta droo yangu imefunguliwa. Nadhani anaitafuta karatasi ya ubaoni, kwa sababu mwandiko ule wa juu ni wangu.

Kilichonivunja ni kwamba Mzee Shemdoe alikuja mwenyewe. Maneno kwamba yeye ndiye aliyetoa majina yameshamfikia, kijijini watu hawamwitikii salamu. Alivaa koti lake la sikukuu, akakaa kwenye benchi la wageni na kofia magotini. "Mwanangu," akaniuliza, "mimi nilikosea wapi? Nimefikiri mpaka nimechoka. Nieleze, ili nikaombe radhi nikijua ninachokiombea."

Nilimpa chai. Hilo tu ndilo nililofanya, dada. Nilimpa chai na sukari nyingi, nikamsindikiza mpaka kituoni.

Baada ya hapo nikaanza kwenda wodini kwa Amina kila asubuhi, natoroka kazini nusu saa. Mikono yake imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko, kwa hiyo namlisha mimi. Siku ya kwanza alionja akakunja uso. "Uji wako una madonge. Ungefukuzwa shuleni kabla ya kengele." Tukacheka, nesi akatugeukia.

Leo alisema, "Wanasema ni Mzee Shemdoe aliyebandika. Mimi mwenyewe niliiona pale ubaoni siku ya gulio. Kichwa chake kilikuwa na mwandiko mzuri sana, wa mtu aliyesoma. Mzee Shemdoe anaandika kama kuku anachakura." Akaniangalia. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwangu, kimejaa. Sikuweza kukipeleka mbele wala kukirudisha. Akafungua mdomo, akasubiri.

Nikamlisha, nikamlisha mpaka bakuli likaisha. 

Nisalimie mama, mwambie sweta alilonifumia nalivaa kila siku. Nisalimie shangazi wa Kitangari, na baba mdogo, na mwanao aliyeanza shule. Mwambie aandike polepole. Shemeji mpe salamu za kawaida.

Ukipata barua hii Ijumaa itakuwa imepita. Simu yangu ni ya ofisi, usiipigie. Mpigie mama mwenye nyumba wangu, namba yake uliiandika nyuma ya kalenda. Piga saa nne asubuhi, ambayo ni saa ya uji wodini na saa ya kazi ofisini. Usimweleze lolote, muulize tu Somoe yuko wapi. Akisema niko wodini, ujue nimekataa kutia saini nikafukuzwa, na kila mtu ameshajua mwandiko ule ni wa nani. Nitafute jioni kwa simu hiyohiyo, nitakuwa nahitaji kusikia sauti yako. Akisema niko ofisini, ujue nimetia saini, na sina tena uso wa kwenda kumlisha Amina. Hapo usinitafute. Chukua hiyo karatasi yenye matundu manne, uitume kwa Mzee Shemdoe. Nyuma yake nimekuandikia namna ya kumpata.

Mdogo wako,
Somoe