Nguo za Kung'aa za Madamu

2 Septemba

Mdogo wangu,

Habari za huko na za kazi? Kifua kimetulia? Sisi huku wazima, ni mafua tu yanatupitia mmoja mmoja kama tumepanga foleni.

Usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna baya. Kinda kachaguliwa kucheza dansi siku ya wazazi shuleni, tarehe 24 Oktoba. Nguo yake anashona fundi wa shule, ya zambarau, inang'aa mpaka macho yanauma. Sasa bibi mkubwa huyo amegoma. Hachezi mpaka mdoli wake naye avae vilevile! Mdoli mwenyewe anaitwa Madamu, kwa sababu amenuna kama mwalimu wao wa hesabu.

Mimi kishikizo kikikatika namwita jirani. Nikakukumbuka wewe unayeshona magauni ya harusi. Madamu nimempima kwa uzi: wenye fundo moja ni kiuno, mafundo mawili kifua, matatu urefu wa sketi. Kipande cha kitambaa kimo humu ndani uone rangi.

Ukiweza, tuma kwa basi. Simu usihangaike nayo, Kinda ndiye mwenye simu siku hizi, mimi naazima tu.

Dada yako

9 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana mimi yako niliisoma nimesimama, nikairudia mara mbili. Mimi mzima, kifua hakijanisumbua tangu mwaka jana, namshukuru Mungu. Na mafua yenu, foleni imekwisha?

Dada, umenipa kazi au umenipa zawadi? Hapa dukani tunakodisha magauni ya maharusi, na yakirudi yanakuwa yamepukutika puleki, vile vidude vya kumetameta. Kazi yangu ni kuzirudishia moja moja. Zinazobaki bosi kaniruhusu nichukue. Basi nimeshona saa za chakula, nimekaa chini nyuma ya magauni, wenzangu wananicheka, eti bibi harusi wangu mfupi kuliko wote aliyewahi kuvaa hapa. Sketi ina neti tabaka tatu. Blauzi ina puleki mia moja na kumi na nne. Nimezihesabu kwa sababu kila moja nilikuwa namwambia mtoto neno moyoni.

Sasa dada, usinione nakuharakisha. Nilipolazwa ile miezi tisa, Kinda hajatimiza mwaka, mlimchukua mkamlea. Sijasahau na sitasahau. Nilipotoka, mtoto alikuwa anakuita mama, na mimi ananilia kama ameona jini. Tukakaa sisi watatu, mimi, wewe na mumeo anayemwita baba, tukakubaliana asichanganywe, akiingia darasa la kwanza ataambiwa kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Sasa yuko darasa la kwanza. Mimi naona hii nguo ni mlango. Akikuuliza nani kashona, mwambie. Anzia hapo, mengine yatakuja yenyewe.

Mwandiko unisamehe, niliishia darasa la tano.

Mdogo wako

20 Septemba

Mdogo wangu,

Za siku? Natumaini u mzima. Hapa mafua yameisha, sasa ni kelele.

Kifurushi kilifika salama. Mtoto alipoiona nguo akamvalisha Madamu hapo hapo. Tangu siku hiyo anakula na mkono mmoja, wa pili una Madamu. Ila umenichekesha, ndani ya sketi umekunja pindo kubwa la kuja kufungulia mtoto akikua. Mdogo wangu, Madamu atakua lini?

Aliuliza nani kashona. Nikamjibu. Akafurahi sana, akazunguka nyumba nzima anapiga kelele.

Sasa anataka taji na viatu, maana eti Madamu hawezi kucheza pekupeku mbele za wageni. Nisamehe kwa kukusumbua.

Dada yako

27 Septemba

Dada yangu, dada yangu,

Hujambo? Na mwanetu hajambo? Mimi nikiwa mzima kuliko hivi nitapasuka.

"Nikamjibu." Yaani umemwambia! Halafu unaandika neno moja tu unarukia viatu! Hivi wewe una roho gani? Alisemaje? Alikuuliza nina sura gani, niko wapi, kwa nini siji? Na wewe ulijisikiaje, mama? Najua si neno jepesi kulitoa mdomoni. Nimekuombea dua hapo hapo, sindano mkononi, nikajichoma, sikusikia hata maumivu.

Lile pindo ni mazoea tu. Nguo ya mtoto ukiikata, mkono wenyewe unaacha.

Taji nimelipinda kwa waya wa ua la kichwani lililovunjika. Viatu nimevipata kwenye glavu za bibi harusi zilizochanika, vidole gumba viwili, chini nimeweka karatasi ngumu ili Madamu asimame wima. Hadi kamba za kufunga zipo.

Sasa sikiliza. Nimeomba ruhusa kwa bosi, tarehe 24 nakuja kumwona akicheza. Nitavaa gauni la kijani na kilemba chake. Mwambie asiogope, siji kumchukua. Nyumba yake ni hapo kwenu, hilo nalijua. Na sitalia mbele za watu, au nitajitahidi. Nataka aniangalie mara moja tu huku akijua ni mimi.

Mdogo wako mwenye furaha

11 Oktoba

Dada,

Salama? Sijapata jibu, nikasema labda ni maandalizi ya shule. Au mtoto anaumwa? Angeumwa ningejua tu.

Humu kuna bangili mbili za shanga za Madamu. Hakuna aliyeziomba, nimejituma mwenyewe. Tiketi nimeshakata.

Mdogo wako

22 Oktoba

Mdogo wangu,

Hata salamu sijui nikupe ipi. Usije.

Sikumwambia. Siku ile alisimama mlangoni kamkumbatia Madamu, akauliza, "Mama, nani kashona?" Nikasema, "Mimi." Lilinitoka hata sijalifikiria. Akaniambia, "Kumbe unajua!" Mdogo wangu, mimi nimebeba mimba tatu na hakuna hata moja iliyofika. Nimezoea kuambiwa pole. Kumbe unajua, hilo sijawahi kuambiwa na mtu.

Mume wangu alisikia, akaendelea kufunga kamba za viatu. Nikaona amenipa ruhusa.

Basi kila ulipotuma kitu, nilikiweka juu ya kitanda kabla hajarudi kutoka shule. Ulipoandika ile barua ya furaha niliketi nayo jikoni mpaka sufuria ikaungua. Mara nne nimeanza kukujibu, mara nne nimechana.

Nitamwambia likizo, naapa. Ila kesho kutwa usije, nakuomba, asije akaujua uongo wangu mbele ya shule nzima. Nakimbia kumpa kondakta barua hii.

Dada yako, kama bado unaniita hivyo

29 Oktoba

Dada,

Natumaini mtoto hajambo. Mimi nipo.

Barua yako ilifika dukani wakati mimi niko ndani ya basi nakuja. Nimeikuta niliporudi. Kwa hiyo niliyoyasoma humo nilikuwa nimeshayasikia, tena kwa mtu mwingine.

Nilifika mapema, viti bado vinapangwa. Nikaenda bombani kunawa vumbi la safari. Alikuwepo peke yake, kavaa nguo yake ya zambarau, anamfuta Madamu tope kwenye kiatu kwa mate. Nilimjua kwa kisogo, dada. Kisogo ni changu kile.

"Shikamoo, anti."

Anti. Nikasema atakuwa haya tu zinamshika, labda gauni la kijani kalisahau. Nikachutama, nikamwambia, "Mdoli wako kapendeza jamani, nani kamshonea?"

Akaniangalia kama nimeuliza jua linatokea wapi. "Mama yangu. Anashona nikiwa shule. Nikirudi nakuta tayari."

Yeye akaendelea, maana huyo haishiwi maneno, sijui karithi kwa nani. "Jumamosi ijayo anamshonea Madamu mkoba. Kaniahidi safari hii nitakaa pembeni nimwangalie. Anti, umeumia vidole?"

Nikaiweka mikono nyuma. Dada, neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa hapa, kwenye meno. Ningelisema tu, na asingelisahau maisha yake yote. Nikamwangalia alivyokuwa anamfunga Madamu kamba ya kiatu, taratibu, ulimi nje, ana furaha yake kamili. Nikasema, "Mama yako ana mkono mzuri."

Akasema, "Eeh, najua," akakimbia, mwalimu alikuwa anaita.

Kucheza nilimwona, nimesimama nyuma ya viti vya mwisho. Alikosea mara moja, akakuangalia, ukatabasamu, akaendelea. Niliondoka makofi hayajaisha.

Nilikuchukia siku tatu. Nikuambie kweli. Nilipanga nije na ndugu zetu wote, nipige kelele uani kwako mpaka majirani watoke na vikombe vya chai mkononi. Siku ya nne ndiyo nikaikumbuka Jumamosi. Mtoto atavuta kigoda chake, atakaa mbele yako, na wewe hata uzi hujui kuutunga. Atajua. Ataujua uongo kabla hajaujua ukweli, na siku ukija kumwambia habari yangu hatakuamini, atasema hilo nalo umelitunga. Mimi siwezi kuingia kwa mwanangu kwa mlango huo.

Kwa hiyo mkoba ndio huu. Nimeumaliza, kamba ipo, puleki zipo, na bitana, kile kitambaa cha ndani, ipo. Ila ubavu mmoja nimeuacha wazi. Huo utaushona wewe, mbele yake.

Nimekuwekea sindano tatu ambazo tayari zina uzi, na fundo nimeshalipiga, wewe usishughulike na tundu la sindano. Ingiza kwa ndani, utokee nje, rudi nyuma kidogo, kisha songa mbele. Vitone vya penseli ndipo pa kuchoma, viko kumi na viwili. Kumenichukua muda kuviweka sawasawa. Vipo na vipande viwili vya kitambaa kibovu ujifunzie kuanzia leo, akiwa shule. Jifunze kila siku. Usimshike mtoto mkono na sindano iko wazi.

Likizo utamwambia. Sikulazimishi siku, ila nakuamini, kwa sababu nikiacha kukuamini nitabaki na nini? Umwambie mkiwa mmekaa wenyewe, si mbele za watu.

Jumamosi kaa karibu na dirisha, upate mwanga. Usiharakishe. Mikono itakutetemeka. Akiuliza kwa nini, mwambie mafundi wote hutetemeka wakishonea mtu wanayempenda. Na ukichoma kitone cha mwisho, usikate uzi kwa meno. Mpe yeye mkasi, akate mwenyewe.

Mdogo wako