Nani Ataitikia Hodi Nyumbani kwa Mama?

Castle Vale,
Birmingham.
Oktoba.

Kwa mdogo wangu mpendwa Mwakio,

Nakusalimu wewe, mkeo, na wote wanaolala chini ya paa lako. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba goti lako halikusumbui tena unapopanda mlima kwenda kanisani. Mimi sijambo. Kifua kilinibana kidogo baridi ilipoanza, lakini binti yangu Wakesho ni muuguzi, na anayeishi na muuguzi haachwi augue kwa raha zake. Hunipa dawa kabla sijakohoa.

Huenda ukashangaa kwamba nimeshika kalamu na simu ipo. Ujumbe wako wa simu niliusoma kwa taabu: hauna nukta, hauna herufi kubwa, na maneno mengine umeyakata vichwa kama kuku wa Krismasi. Nilikufundisha darasa la nne, Mwakio, usiniharibie jina. Zaidi ya hayo, jambo lenyewe ni zito. Nataka maneno yangu yasomwe mbele ya jamaa wote siku mtakapokaa na watu wa kaunti, yasomwe polepole, mtu asije akasema kwamba mtandao ulikatika.

Kama nilivyokuelewa, watu wa idara ya utamaduni ya kaunti wamepanda tena huko kwetu Mwanda kuitazama nyumba ya Mama. Wanataka kuifanya makumbusho ya kijiji, kwa sababu darasa la kwanza la mlima wetu lilisomewa katika sebule yake, na ule ubao ambao Baba aliupaka ukutani kwa mkaa uliosagwa bado unaonekana. Wataezeka paa jipya, watakusanya vibuyu, mawe ya kusagia na vikapu vya akina mama, na wageni watakuja kutazama. Tusipowapa, mvua zijazo zitaumaliza ukuta wa nyuma. Mwanao Mghanga naye amesema kwamba tukikataa, basi nyumba ibomolewe, ajenge vyumba vya kupangisha. Ukaniuliza, kama mtu aliyechoka: "Kaka, wewe ndiye mkubwa. Sema ndiyo au sema hapana, lakini sema."

Sikusema. Nilikujibu kwamba nitafikiri. Nami kila nilipofikiri niliona jambo moja tu: nimerudi kutoka huku na begi langu, nimefika mlangoni kwa Mama, na msichana wa kaunti ananiambia kwamba saa za kutembelea zimekwisha.

Usidhani ninadharau historia. Mahali hapa tunapoishi zamani palikuwa uwanja wa ndege. Ndege ziliondoka, nyumba zikajengwa, na sasa watu hutandika vitanda mahali zilipokuwa zikitua. Asubuhi hufungua pazia nikatafuta mlima. Najua haupo, na bado huutafuta. Wajukuu nawasalimu kwa Kiswahili, nao hunijibu kwa Kiingereza. Wananielewa vizuri sana, hasa nikitaja chapati, lakini ulimi wao haugeuki. Hayo nimeyazoea. Nisichokizoea ni kwamba hapa hakuna mlango ninaoweza kusema ni wa kwetu.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike. Chama chetu cha wazee, ambacho hukutana katika ukumbi wa kanisa, kilipanga safari ya kwenda Shropshire, kaunti ya mashambani iliyo magharibi ya hapa. Tulipandia basi kituoni Digbeth, huku huku mjini. Alikuwamo Bwana Haji, Mzanzibari aliyekuwa muuza vitambaa, ambaye hubishana nami kila tukutanapo kuhusu Kiswahili cha nani ni safi. Alikuwamo Mama Furaha wa Kongo, na kikapu chake cha mandazi. Wakesho alikuja kunichunga, utadhani mimi ni mtoto wa chekechea.

Kaunti ile ingekufurahisha. Ina vilima vya kijani, na ukungu hukaa mabondeni asubuhi vilevile unavyokaa bondeni kwetu, ukijikokota kama mtu asiyetaka kuamka. Nikabandika uso kwenye kioo cha dirisha. Bwana Haji akanigusa begani.

"Mwalimu, mbona bubu leo?"

"Nimefika kwetu," nikamwambia.

Akachungulia dirishani. "Kwenu kuna kondoo wanene namna hii?"

"Wa kwetu hupanda mlima. Hawa wamekaa tu kama wauza vitambaa."

Alicheka mpaka Mama Furaha akageuka kutazama.

Njiani kuna vibao vya rangi ya kahawia vinavyoonyesha mambo ya kale: huku ngome iliyobomoka, huku kinu cha maji, kule makumbusho ya majembe. Watu wale hawatupi kitu. Tulishuka kwenye kanisa la mawe lisilo na paa, na nikaona watalii wamekaa mahali palipokuwa madhabahu, wakila biskuti. Sikupenda. Nikajiambia: haya ndiyo yatakayoipata sebule ya Mama.

Mwisho tulifika katika kijiji kimoja, kwenye nyumba ndogo ya mawe yenye mlango mfupi. Hiyo ndiyo makumbusho ya kijiji. Imeachwa kama ilivyokuwa wakati ilipokaliwa na mkulima na jamaa yake. Mlango ulikuwa wazi. Wenzangu wakaingia moja kwa moja. Mimi nikasimama nje ya kizingiti nikapiga hodi.

Usicheke. Mdomo ulisema wenyewe. Kulikuwa na birika juu ya jiko, kofia imetundikwa msumarini, na viatu vya matope vimepangwa kando ya mlango. Hiyo ni nyumba ya mtu. Nikapiga hodi, nikangoja, na manyunyu yakaanza.

"Baba, ingia, utanyeshewa!" Wakesho aliniita kutoka ndani.

"Viatu hivi ni vya nani?"

"Ni vya maonyesho, Baba. Hii si nyumba ya mtu, ni makumbusho."

Mama Furaha akatoa kichwa dirishani. "Papa, unangoya nani? Munyumba hamuna muntu! Benyewe balishakufa!"

"Basi nani amenikaribisha?" nikamuuliza.

Bwana Haji, aliyekuwa amekwisha kuweka mguu mmoja ndani, akautoa. "Mwalimu kasema kweli," alisema. "Hodi mara tatu. Usipojibiwa, wenda zako. Umekwisha kupiga ngapi?"

"Moja."

"Basi ngojea, usiharakishe. Labda mwenye nyumba yuko jikoni."

Tukasimama wawili, vifungo vya makoti tumevifunga mpaka shingoni, maji yakitutiririka kwenye kofia, hatutaki kuingia wala hatutaki kuondoka. Wakesho alijishika kiuno. "Leo mtaniua kwa aibu, nyinyi wazee," alisema.

Hapo akatoka mama mmoja mzee katika kibanda cha tiketi, amevaa koti la mvua. Jina lake Margaret, naye huwaongoza wageni pale kwa kujitolea. Alisema nasi kwa Kiingereza.

"Mabwana, mlango uko wazi. Kuna tatizo?"

"Tunamngoja mwenye nyumba," nikamjibu. "Kwetu mtu haingii nyumbani mwa watu kimya kimya. Huita mlangoni, na wa ndani humwitikia."

Nilitazamia acheke. Hakucheka. Aliutazama mlango, akavua miwani akaifuta.

"Mwenye nyumba alikuwa nyanya yangu," alisema. "Wageni wengi wamepita hapa mbele ya macho yangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kubisha."

Akatupita, akaingia, akaufunga mlango. Tukabaki tukitazamana. Kisha tukasikia sauti yake kutoka ndani: "Haya, bisheni!"

Nikapiga hodi kwa sauti ya darasani. Naye akaitikia kwa sauti ambayo, nina hakika, haikuwa yake: "Ingieni, ingieni! Na mfute miguu, nimetoka kupiga deki sasa hivi!"

Bwana Haji alivisugua viatu vyake kwenye mkeka kama mtoto anayeogopa fimbo.

Wenzangu walipokwenda kutazama zizi, mimi nilibaki karibu na moto. Margaret ndiye huuwasha, kwa sababu nyumba ya mawe isiyo na moshi hushikwa na unyevu na kuoza. Ng'ambo ya kamba ya kuwazuia wageni kulikuwa na kitanda cha chuma na blanketi lililoshonwa kwa vipande vya nguo. Nikamweleza habari ya nyumba yetu na swali la kaunti, nikamuuliza kama walifanya vyema kuitoa ya kwao.

"Majirani hawakuitoa ya kwao," alisema. "Umeiona nyumba yao?"

"Sikuona nyumba yoyote."

"Ni pale mlipoegesha basi lenu."

Akachochea moto kidogo. Kisha akaongeza, bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Hii imesimama, na nashukuru. Kuwasha moto naruhusiwa. Kulala siruhusiwi."

Akakitazama kitanda cha nyanya yake ng'ambo ya kamba, na mimi nikaangalia kwingine.

Njia nzima ya kurudi niliyafikiri maneno hayo. Nilimfikiri Mama. Unakumbuka kwamba alitutaka tupige hodi hata sisi watoto wake, hata tukitoka kuchota maji tu? Naye aliitikia popote alipokuwa. Akiwa shambani nyuma ya nyumba, sauti yake ilizunguka ukuta ikatukuta mlangoni. Na siku tuliyomzika, tuliporudi kutoka kaburini, mimi nilipiga hodi kwa mazoea. Kukawa kimya. Watu wote uani walinisikia, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Ndipo wewe, uliyetangulia ndani kuwasha taa, ukaitikia: "Karibu, Kaka." Sauti yako ilikuwa imekatika katikati. Nikaingia. Kama usingaliitikia, Mwakio, sijui kama ningaliweza kuuvuka mlango ule.

Basi jibu langu ni hili, na lisomwe kama lilivyo.

Wape watu wa kaunti sebule yenye ubao, na chumba cha mkono wa kulia, na ua. Waezeke, wasitie rangi juu ya ubao wa Baba. Waweke vibuyu vyao na mawe yao, na majina wayaandike kwa Kidawida, lugha yetu ya mlimani, na kwa Kiswahili sanifu. Nitayakagua mwenyewe, na wajue kwamba kalamu yangu nyekundu bado ina wino. Lakini chumba cha nyuma, kilichokuwa cha Mama, hawapewi. Kisiwekwe kamba. Kitanda kibaki, blanketi libaki, na mlango wake wa kuelekea shambani ubaki na ufunguo wetu. Wakilikataa sharti hilo, waambie wamekataa nyumba yote. Ukuta ukianguka, na uanguke ukiwa wetu.

Tena, mle ndani asikosekane mtu wa kuitikia. Mgeni yeyote, awe mtoto wa shule au mkubwa wa serikali, asimame nje apige hodi, na ajibiwe ndipo aingie. Watakuambia kwamba hakuna kifungu cha jambo hilo. Wakiandike. Naona mkeo anafaa kwa kazi hiyo. Sauti yake, nasema kwa heshima, hufika ng'ambo ya bonde.

Mghanga mwambie simchukii. Ana haki ya kutafuta riziki. Ajenge upande wa chini, karibu na barabara, wala sitamzuia. Lakini hata jiwe moja la nyumba ya Mama asiliguse.

Wakesho alipopita nyuma ya kiti changu alisoma mistari michache, jambo ambalo nimemkataza tangu utotoni. Akauliza, "Kwa hiyo unarudi, Baba?" Nikamjibu kwamba baridi ikiisha, na daktari akiniruhusu, nitarudi. Najua alitaka nikae. Aliendelea kukunja nguo za watoto kwa muda, hanitazami. Kisha akasema, "Basi waambie wasikitoe hata kile kitanda kidogo cha kamba. Nitakapoleta watoto kukuona, wao watalala wapi?" Kwa hiyo naandika: kitanda kidogo cha kamba nacho kisitolewe.

Nisalimie shangazi yetu aliyebaki peke yake katika watoto wa babu, na umwambie nimeacha kunywa chai ya hapa bila tangawizi kama alivyoniagiza. Msalimie shemeji yangu, mama wa nyumba yako, na uyasome maneno yangu juu ya sauti yake wakati ametulia. Msalimie mzee wa kanisa anayegonga kengele, na yule fundi aliyelishikilia paa la Mama kwa waya miaka yote hii. Wajukuu wako wape mkono mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Siku nitakayofika sitaitangaza. Nitapanda kwa miguu kutoka barabarani, polepole, nikipumzika. Mlango ukiwa wazi au umefungwa, nitasimama nje. Nitapiga hodi mara moja tu. Usimwachie msichana wa kaunti. Itikia wewe.

Ni mimi kaka yako, ninayekuwazia kila ninapofungua pazia,

Mwalimu Elijah Mwadime