Mwamba wa Tope Bado Unatoa Gesi

Nangara, Babati

Kaka Daniel,

Nimerudi jana kutoka Dodoma. Nilienda kufungua makopo yako, yale uliyofungia vipande vya miamba. Nataka wewe uwe wa kwanza kuelezwa vizuri, maana hata Mama nimemwambia nusu tu.

Nianzie pale ulipotuacha. Ulikuja likizo kutoka kambi ya kuchoronga miamba kutafuta makaa ya mawe kule kusini, na homa ulikuwa nayo tayari. Siku nne tu. Mama alizunguka mji mzima kutafuta dawa, na ilipopatikana... Hapo siandiki zaidi. Tumekuzika hapa shambani, upande wa mbaazi.

Kwenye begi lako tulikuta nguo mbili, nusu kipande cha sabuni ulichomletea Mama, na madaftari manane. Madaftari Mama alinikabidhi mimi. Alisema, "Wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Angalia kaka yako alikuwa anasema nini."

Mwezi mzima sikuweza kuyafungua. Nilipoyafungua nikakukuta mle ndani, na mwandiko wako mbaya. Nikakumbuka ile siku ulipokaa mlangoni kwa Mama na madebe mawili ya maji ukinifundisha. Makaa ni debe lenye tundu kubwa, ulisema, gesi yake inatoka haraka. Mwamba wa tope unaoyazunguka, ule mweusi unaobanduka kama kurasa, ni debe lenye tundu la sindano, linalovujia ndani ya debe la kwanza. La kwanza likipungua, la pili ndiyo kwanza linaanza kazi. Nilikuambia umemaliza maji ya Mama. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Wakubwa wako walihesabu gesi ya makaa peke yake. Uliandika hivyo kwenye daftari la sita. Walitaka kuchimba handaki, na mashine za kusukuma hewa wakazipanga kwa gesi hiyo hiyo. Chini yake ukaandika kwa penseli, ukapigia mstari mara mbili: "Watu wataingia mle wakidhani gesi imekwisha, na cheche moja itawalipua."

Nilipofika hapo niliacha kulia, nikaanza kuhesabu.

Nilichukua vipimo vyako vyote. Nikaenda mwezi kwa mwezi, miaka ishirini mbele: kiasi gani kinavuja kutoka mwamba wa tope kuingia kwenye makaa, kiasi gani kinatoka kwenye makaa kupanda kwenye tundu la kuchoronga, natoa, nabakiza, naanza mwezi unaofuata. Ukikosea mwezi wa tatu, miaka yote inayofuata ni uongo. Nilikosea, Kaka. Nilianza upya mara mbili.

Karatasi hazikuwepo. Shuleni hata mitihani tunaandika ubaoni. Nilimwendea Bwana Salimu, mwenye duka pale Bagara, akanionyesha rafu tupu. "Mwalimu, sukari sina. Karatasi za kufungia sukari ninazo." Akanipa bunda zima. Kwa hiyo miaka ishirini ya gesi yako imeandikwa kwenye karatasi za kaki, alasiri baada ya alasiri, mpaka ng'ombe wanaporudi. Mwalimu mkuu aliniona, akasema, "Paulina, marehemu anahitaji sala, si hesabu." Sala nilikuwa nasali pia.

Jibu lilitoka kama ulivyosema. Gesi inashuka haraka mwanzoni, kisha inakataa kuisha. Mwamba wa tope unailisha.

Niliandika barua Dodoma, kwenye ofisi yako. Kimya. Nikaandika ya pili. Kimya. Basi nikaomba ruhusa shuleni. Mabasi hayakuwa na dizeli, nikapanda lori la mahindi pale Bonga, nikafika nimekuwa mwekundu kwa vumbi.

Alinipokea mkubwa wako, yule uliyemwita Mzee Mkasi, kwa jinsi anavyokata ripoti za watu. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akanipa kiti. "Pole sana kwa msiba, dada yangu. Lakini wewe si mtu wa miamba."

Nikamwambia, "Ni kweli, mzee. Mimi ni mtu wa hesabu. Hesabu inasema makopo ya makaa aliyoyafunga Daniel yaliishiwa gesi alipokuwa anayapima, na ya mwamba wa tope bado yanatoa. Kama nimekosea, fungueni koki, mimi nirudi Babati."

Akaagiza makopo yaletwe kutoka stoo.

Yalikuwa na majina kwa mkono wako. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Vijana wake wakaunganisha mpira kwenye kopo la makaa, ncha nyingine ndani ya silinda ya kioo iliyojaa maji na kupinduliwa juu chini kwenye beseni. Wakafungua koki. Maji hayakusogea. Wakaunganisha la mwamba wa tope. Kiputo kimoja kikapanda. Kingine. Kisha vikafuatana, na maji yakaanza kushuka polepole. Mzee Mkasi alichuchumaa na suti yake akayatazama kwa karibu. "Daniel aliniambia," akasema, kwa sauti ndogo. "Aliniambia, nikamkatalia."

Sikulia. Nilisoma kipimo nikaandika. Na hapo nikaona jambo ambalo sitakuficha: hesabu yangu ilikosea. Gesi ilikuwa nyingi kuliko nilivyotabiri. Ama tundu la sindano ni dogo zaidi ya ulivyoweka na gesi inakawia zaidi humo, ama debe lenyewe ni kubwa. Nilimwambia Mzee Mkasi wazi, mbele ya wenzake. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliandika barua nikiwa nimekaa pale, mpango wa handaki usimame mpaka hesabu irudiwe. Akaniomba niirudie mimi, nikishirikiana na vijana wake.

Nilipofika nyumbani Mama aliuliza jambo moja tu. "Hawataingia mle chini?" Nikamwambia, kwa sasa hawataingia. Akaendelea kupukuchua mbaazi zake, lakini nilimwona anapangusa uso kwa khanga.

Shule zikifungwa nitakwenda kambini kwako. Nitapima kopo kwa kopo, na nitakaa na wale uliokula nao ugali, nijue majina yao. Sitaki kuwahesabu bila kuwajua.

Pumzika sasa, Kaka. Umefanya sehemu yako, na umeifanya vizuri kuliko nilivyowahi kukuambia. Ninakuahidi hivi: hakuna mtu atakayeshuka mle kwa hesabu yangu mpaka niwe tayari kushuka naye mimi mwenyewe, mguu kwa mguu.

Mdogo wako,
Paulina