Blanketi la Mjomba Basili

Katesh, Jumapili

Mdogo wangu Oliva,

Ukisikia huko shuleni kwamba nimekufa, usiamini. Ni mimi ninayeandika, nami ni mzima.

Nilipewa likizo ofisini nikaja kupanda Mlima Hanang. Mama mwenye nyumba ya wageni aliniuliza, "Umefiwa, binti?" Nikasema hapana, natembea tu. "Na nani?" Peke yangu. Akanitazama sana, akaomba namba ya nyumbani.

Mvua ilinizuia kambini huko mlimani usiku kucha, na simu ikaisha chaji. Mama mwenye nyumba akapiga nyumbani, akasema nimekwenda kujiua.

Niliposhuka nilimkuta mjomba Basili uani pa nyumba ya wageni, amekumbatia blanketi jipya. Lilikuwa la kufunika maiti yangu. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akalia mbele za watu.

"Eva, mtu anapanda mlima peke yake kutafuta nini?"

Nilitaka kupumzika tu, Oliva. Sikuweza kumwambia.

Nilimpigia mama yetu. Aliposikia sauti yangu alikata simu. Amemwambia mjomba kwamba hataamini mpaka anishike.

Tunaondoka kesho alfajiri. Blanketi nimejifunika, bado natetemeka.

Dada yako,
Eva