Meli Yako Imekwisha, Aabo

Isiolo, 1982

Aabo,

Amani iwe nawe, baba yangu, hapo ulipolala. Meli imekwisha. Alhamisi baada ya adhuhuri nilisimamisha bomba la moshi, nikangoja lehemu ipoe, kisha nikarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta, nikaitazama. Hakuna aliyenipongeza. Mama alikuwa anachambua mchele. Akainua macho, akasema, "Sasa imefanana na kitu," akaendelea na mchele wake.

Sijaifunika kwa shuka kama ulivyokuwa ukiifunika wageni wakija. Iko barazani, mbele ya cherehani yangu, upande wa barabara. Anayepeleka mbuzi sokoni anaiona. Anayeshuka na miraa kutoka Meru anaiona. Anayetaka kucheka na acheke, lakini kwanza aitazame vizuri.

Unakumbuka siku ulipoanza? Ulikuwa umeacha kazi ya ulinzi kwa sababu ya kifua, na tulidhani sasa utakaa, unywe chai, upumzike. Asubuhi moja ukatoka na fimbo, ukaanza kutembea kutoka bucha mpaka kona ya msikiti, hatua moja moja, unahesabu kwa sauti. Watoto wakakufuata wakihesabu nawe. Mwenye bucha akakuuliza kama serikali imekutuma upime lami. Ukamjibu, "Napima meli." Katika mji ambao mto wake mtu anauvuka bila kukunja suruali, wewe ulikuwa unapima meli. Ulifika hatua sabini na tano, ukasimama, ukafumba macho kidogo, ukasema, "Hapa ndipo ilipoishia."

Ukarudi nyumbani ukaniambia kipimo cha mfano wake: kidole kimoja kwa kila hatua. Ndiyo maana ilitoka ndefu kuliko meza na ikala chumba kizima cha nyuma. Tangu siku ile wakakuita Nahodha, na wewe ukawa unawasahihisha, mmoja mmoja, bila kuchoka. "Sikuwa nahodha. Nilikuwa chini, kwenye moto." Ulituambia kwamba ujanani, kabla sijazaliwa, ulikaa Kisumu miaka saba, kazi yako kutia makaa kwenye tanuri za meli ya mvuke iliyokuwa ikizunguka ziwa. Sisi tuliamini. Mimi niliamini.

Mbavu zake ulizichonga kwa mbao za podo, ngozi yake ukaifanya kwa bati la madebe. Madirisha ya duara ulikuja kuyapata siku dereva mmoja alipotupa turubai kuukuu la lori. Ulikaa juu ya lile turubai mchana mzima unang'oa pete za shaba za kupitishia kamba, na ulipomaliza ukazimimina mkononi mwangu kama mtu anayempa binti yake dhahabu. Ulinifundisha kugonga bati kwa ncha ya msumari kutoka ndani, nukta kwa nukta, ili nje lionekane limeungwa kwa misumari ya ribiti. Ulinifundisha kulehemu. "Usiharakishe chuma. Kikiwa baridi hakishiki, kikiungua hakishiki."

Na ulitaka upande mmoja uachwe wazi, mtu aweze kuona ndani, chini kabisa, kwenye boila ya kuchemshia maji ya mvuke. Nilikuambia meli haiwi na ubavu wazi. Ukasema, "Wengine wanaijua kwa nje. Mimi nje sikuijua."

Halafu kifua kikakushinda. Mbavu zilikuwa zimesimama, bati limefunika nusu, ndani mwake tupu.

Sasa nikueleze mambo ambayo hukuyaona. Siku ya tatu ya matanga, mdogo wako, Adeer Nur, alikuja mlangoni mwa chumba cha wanawake. Alisema chumba cha nyuma kinahitajika, ataweka magunia yake ya sukari, na lile bati lako litolewe, mbao ziwe kuni. Nikasema hapana. Sikupaza sauti, nilisema tu hapana. Nafikiri ni ile hapana yangu iliyomkera. Akasema, mbele ya wanawake wote waliokuja kutupa pole, "Unajua hiyo meli ni nini? Ni jela. Ndugu yangu alifungwa Kisumu. Hakuwahi kukanyaga meli yoyote, alizisikia kwa wafungwa wenzake, akaja kutudanganya hapa."

Nilimtazama Mama nikingoja amkanushe. Mama aliinamisha kichwa.

Wiki ile ile mimi na Mama tuliihamisha meli. Tuliipandisha juu ya kitanda cha kamba, kama ulivyobebwa wewe, tukaipeleka kwenye chumba changu cha kushonea. Nur akaweka sukari yake. Mimi nikawa nalala miguu yangu ikiwa chini ya meza, meli ikiwa juu.

Mji ulisema. Kwamba binti wa Warsame anashinda na bati la marehemu. Kwamba amerukwa na akili. Alikuja mtu kuniposa, mtu mzuri tu, mwenye malori mawili. Shangazi zake walipoingia kunitazama walitazama meli zaidi. Mmoja akaniuliza, "Na hii utakuja nayo?" Nikasema ndiyo. Akasema bibi arusi huja na vyombo vya jikoni. Nikamjibu kwamba vyombo kila nyumba inavyo, bwana arusi anaweza kuja na vyake. Hawakurudi. Mama hakunisemesha siku mbili, na siku ya tatu nikamsikia jikoni akicheka peke yake.

Nilifanya kazi mchana, saa zile za jua kali ambapo wateja hawaji. Jua lenyewe lilikuwa adui. Sakafu ya juu niliyoipanga kwa mbao nyembamba za masanduku ya chai ilijikunja kama chapati, ikapasuka katikati. Nikaibandua yote. Nikazilaza mbao chini ya magunia mabichi siku kumi, nikazipanga upya, na safari hii nikaacha nafasi ya uzi kati ya ubao na ubao, kama unavyoacha nafasi kwenye kitambaa kitakachonywea kikifuliwa. Haikupasuka tena. Hilo hukunifundisha wewe, Aabo. Hilo ni langu.

Bomba la moshi nililitengeneza kwa pampu ya baiskeli. Ngazi kwa waya. Boila kwa mkebe wa maziwa ya unga. Nilipofika kwenye tanuri nilitoa mchoro wako, ule wa karatasi ya kaki ya mfuko wa sukari, nikaukunjua. Ulikuwa umechora milango mitatu. Wa kushoto una mkono wa kuufungulia, wa kulia una mkono, wa kati hauna. Badala ya mkono umechora mnyororo mfupi unaoning'inia. Nilidhani ulichoka. Nilikwisha kata kipande cha waya niuwekee mkono, nimekishika kwenye koleo, nikasita. Nikasema hapana, aliyekuwa humo ndani ni wewe, si mimi. Nikaweka mnyororo. Niliutoa kwenye mkufu wangu uliokatika.

Miezi mitano iliyopita nesi mmoja wa hospitali, anaitwa Akinyi, aliniletea sare zake nizipunguze. Akaiona meli. Akasema babake aliwahi kufanya kazi melini na atakuja kumtembelea wakati wa baridi. Nikamwambia amlete. Sikutegemea kitu.

Alikuja. Mzee Okumu, mrefu, amevaa koti zito, macho yake yana ukungu. Aliingia akanisalimu, "Habari ya hapa, mama." Kisha akageuka. Aabo, yule mzee alivua kofia. Hakuuliza kitu. Alipapasa bati kutoka mbele mpaka nyuma, polepole, kama mtu anayepapasa ng'ombe anayemfahamu. Alipofika ubavu ulio wazi akainama, akaingiza kidole mpaka kwenye tanuri. Akagusa mlango wa kati. Akaushika ule mnyororo.

Akauliza, "Nani alikwambia uweke huu?"

Nikamwambia, "Baba yangu. Warsame."

Akaketi kwenye kiti cha wateja wangu. Akinyi alimletea maji. Alipoanza, alianza katikati, kama wewe ulivyozoea.

Alisema mkono wa mlango wa kati ulikatika, na injinia wa meli akakataa kuutengeneza, akisema ni uvivu wa watu. Kwa hiyo mkawa mnauvuta kwa mnyororo. Siku moja ziwa likachafuka, meli ikalala upande, mlango ukafunguka wenyewe na moto ukamrukia kijana aliyeitwa Petro, ukamchoma bega na mkono. Petro alikuwa chini analia, na injinia akasimama kwenye ngazi akaamuru mwingine achukue sepetu, kwa kuwa mvuke unapungua. Wewe ulichukua sepetu. Ukaupiga ule mlango ukajifunga. Kisha ukapanda ngazi ukampiga injinia kifuani kwa mpini, mara moja, akaanguka, ukawaambia wenzako waweke chini sepetu zao. Wakaziweka. Meli ikasimama katikati ya ziwa nusu siku, mpaka Petro akafungwa vidonda vyake na mlango ukatiwa mkono.

Mlipofika bandarini askari walikuwa wanangoja. Ulifungwa miaka miwili. Wenzako waliitwa kutoa ushahidi, na kila mmoja akasema hakuona kitu, hakujua kuhusu mlango wowote.

"Mimi pia," akasema Mzee Okumu. "Niliweka kidole gumba kwenye karatasi yao. Nilikuwa na watoto wawili. Akapita mbele yangu na pingu, akaniambia, 'Okumu, mwangalie Petro.' Basi. Hakunitukana."

Petro aliishi, Aabo. Sijui kama ulipata kujua. Mkono mmoja haukunyooka tena, lakini alioa, akapata watoto, akalima.

Nataka kukuambia ukweli, maana barua kwa marehemu haina faida kama ni ya kusifu tu. Nilikukasirikia. Nilikaa na hasira wiki nzima. Kwa nini ulinificha? Ulimwachia Nur nusu ya habari, nusu mbaya, akaibeba miaka yote kama kisu mfukoni, na wewe ukaenda ukiwa unaongea juu ya makaa na mawimbi na hukusema neno juu ya jambo kubwa kuliko yote uliyofanya. Ulidhani nitaona aibu? Uliona mimi ni binti wa namna gani?

Idi iliyopita Nur alikuja na wageni wake, wazee wanne wa biashara. Wakapita barazani, ambako nilikuwa nimeshaihamishia meli. Mmoja akaisifu meli, na Nur akacheka kidogo, akasema, "Usiulize habari ya hiyo. Ni kumbukumbu ya jela."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaliweka chini.

Nikasema, "Ndiyo, alifungwa. Kaeni niwaambie kwa nini."

Mwanamke hakatizi maneno ya wazee, najua. Nilikatiza. Niliwaambia yote, mlango, Petro, sepetu, ziwa, pingu. Niliwaonyesha mnyororo. Hakuna aliyegusa chai. Nilipomaliza Nur alikuwa mwekundu wa macho. Akasema hukupaswa kutajwa hivyo mbele ya wageni.

Nikamwambia, "Wewe ulimtaja mbele ya waombolezaji."

Hapo ndipo Mama alipotoka jikoni. Alisimama mlangoni na upawa mkononi. Akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya maziwa, "Ni kweli yote. Aliniambia siku ya tatu ya ndoa yetu. Akaniomba nisiseme, hakutaka wanawe wajifunze kupiga watu. Nimenyamaza miaka thelathini. Nimechoka."

Kisha akarudi kwenye chungu chake. Yule mzee aliyeisifu meli aliinuka, akaenda kwenye ubavu ulio wazi, akainama akatazama ndani kwa muda mrefu. Nur aliondoka bila kuaga. Mwezi huu ametoa magunia yake chumba cha nyuma, kimya kimya. Hakuomba msamaha, nami sikuudai. Chumba nimekipaka chokaa na Mama amehamia humo, kina hewa nzuri.

Nimeandika majina kwenye kibao cha chini ya meli, kwa msumari wa moto. Jina la meli sikuliweka, waliokuwa wakubwa wake walikwisha liandika mahali pengi. Nimeandika Warsame, Petro na Okumu. Mzee Okumu aliniomba la kwake niliache. Nikamwambia alitia makaa kama ninyi, na jina lake linabaki. Aliangalia pembeni, akafuta macho kwa kofia.

Mwalimu wa shule ya msingi huleta darasa lake kuitazama. Mwenye hoteli moja ya watalii alitaka kuinunua aiweke karibu na meza za chakula. Alitaka nizibe ubavu kwanza, ionekane nzima. Nikamwonyesha njia ya kutokea.

Aabo, nakuacha upumzike. Dua nakusomea kila Ijumaa, na kaburi lako tumelizungushia mawe upya baada ya mvua. Sijakusamehe ule ukimya, bado. Labda nikizeeka. Lakini nakuahidi hili: nikijaliwa watoto, na hata nisipojaliwa, watakaosimama mbele ya meli hii wakiniuliza ulikuwa nani, nitawaambia yote mawili, ziwa na jela. Na nitaanza na jela.

Binti yako,
Safia