Antena ya Juu Haina Waya

Shoga, kaa chini kwanza.

Fundi wa antena ametoka hapa sasa hivi. Kapanda juu ya paa, kashuka, ananiambia: “Mama, ile antena ya juu haina waya. TV yenu inashika kwa hii ndogo iliyofichwa nyuma ya pazia.”

HAINA WAYA!

Na mume wangu kila jioni yuko huko juu nusu saa, eti anaigeuza nipate tamthilia yangu!

Huko juu fundi kakuta stuli, mto wangu wa kochi, na rundo la vocha za simu zilizokwanguliwa. Vocha, shoga! Mimi huwa ananibipu tu!

Na mimi mjinga dirishani, napaza sauti: “Imeshika, baba! Endelea hivyo hivyo!”