Simu ya Bile Mlangoni kwa Mama

Ndila, sikiliza haya.

Kuna msichana ameingia gesti yetu hapa Malili saa hii. Anaitwa Raho. Amemuuliza mama, "Unamkumbuka baba yangu, Bile?"

Bile, Ndila! Yule mnunuzi wa mbuzi wa 1998, wakati polisi walivamia gesti wakisema tunapitisha magaidi wa kutoka nje. Mama aliwaambia, "Huyu namjua, hununua mbuzi Ikutha." Wakamchukua Bile hata hivyo. Sisi tulidhani alikufa.

Sasa mama amejifungia chumbani, anapiga kelele: "Mwambie simjui mtu anaitwa Bile! Ni polisi wamemtuma!"

Eti "simjui"! Mama yangu, aliyesimama mbele ya bunduki akasema "namjua"!

Raho hakubishana. Alimpigia baba yake, akaweka simu kwa mlango. Sauti ya mzee ikasema, "Mama Muthoki, ni mimi. Waliniachilia. Nimemtuma mtoto akuambie asante."

Halafu mama akafungua, akanyakua simu.

"Bile, walikupiga?"

"Walinipiga, mama."

Mama analia kwa sauti, simu iko sikioni, na mzee hajakata. Raho amenishika mkono.